Anza na Mkataba, Si Orodha ya Filamu: Kwa Wanaoanza Kuandika Wasifu wa Waigizaji wa Kauboi na Bunilizi za Kisayansi

Anayeanza kuandika wasifu wa waigizaji wa zamani wa Hollywood kwa kawaida hufungua orodha ya filamu, akainakili toka juu hadi chini, kisha akabandika aya ya kuzaliwa mwanzoni na aya ya kufariki mwishoni. Kwa mtu kama John Agar, kazi ya namna hiyo hutoa hadithi moja tu: kijana aliyeanza na mwongozaji John Ford mwaka 1948, na kufikia 1957 anapambana na ubongo unaoelea hewani. Mwandishi anahitimisha kwamba jamaa alianguka, na makala imekwisha.

Hitimisho hilo limerudiwa mno na halina kina. Linapima thamani ya filamu kwa jina lake bila kuuliza nani alikuwa akimlipa mwigizaji, kwa wiki au kwa filamu, jina lake lilisimama wapi kwenye bango, na biashara ya sinema ya Marekani ilikuwa inapitia nini miaka hiyo. Hayo ndiyo ya kutafuta kwanza. Hapa tutamtumia Agar kama mfano mkuu, na pembeni yake DeForest Kelley, ambaye alizunguka kwenye filamu za kauboi karibu miaka 20 kabla ya kuwa daktari wa chombo cha anga katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek. Wawili hao wanakutana katika filamu moja, Waco ya mwaka 1966, na mkutano huo una faida yake kwa mwanafunzi.

Mkataba wa kwanza

Agar alizaliwa Chicago tarehe 31 Januari 1921. Hakusomea uigizaji. Alikuwa jeshini alipomwoa Shirley Temple, mwigizaji aliyekuwa nyota tangu utotoni, Septemba 1945, na Temple alikuwa chini ya mkataba wa mtayarishaji David O. Selznick. Selznick akampa na Agar mkataba: dola 150 kwa wiki, pamoja na masomo ya uigizaji. Andika kiasi hicho mapema katika makala yako, kwa sababu kinaeleza mengi yanayofuata. Huyu alikuwa mwanagenzi anayelipwa huku akifundishwa kazi, na kazi yenyewe alipewa mbele ya kamera ya John Ford, kwenye Fort Apache, katikati ya John Wayne na Henry Fonda.

Hapa wengi hujikwaa. Fort Apache haikuwa filamu ya Selznick; ilitengenezwa na kampuni ya Argosy na kusambazwa na studio ya RKO. Selznick alikuwa na desturi ya kuwaazimisha waigizaji wake kwa studio nyingine kwa bei kubwa kuliko mshahara aliowalipa, na tofauti ikabaki kwake. Kwa hiyo ukiona jina la mwigizaji linaruka kutoka studio hadi studio ndani ya miaka miwili, usikimbilie kuandika kwamba studio zilimgombania. Angalia kama ana mkataba na mtu anayemkodisha. Mara nyingi kadi za majina mwanzoni mwa filamu zina mstari mdogo chini ya jina unaotaja kwa hisani ya nani amepatikana. Simamisha picha hapo, uunakili.

Awamu ya pili ni studio ya Universal, katikati ya miaka ya 1950: Revenge of the Creature na Tarantula mwaka 1955, kisha The Mole People na ile ya kauboi Star in the Dust mwaka 1956. Mwigizaji wa mkataba katika studio hupangiwa. Hachagui kati ya buibui mkubwa na sherifu. Anapokea karatasi ya ratiba, anakwenda. Baadaye Agar alieleza kwenye mahojiano kwamba aliondoka Universal kwa kuchoka kupewa filamu za namna moja. Kuondoka huko ndiko kunakofungua awamu ya tatu, ya kufanya kazi kwa filamu moja moja, na ndiyo awamu ndefu kuliko zote.

Ukishazipanga awamu hizi tatu (kuazimwa, kuajiriwa, kujitegemea) ndipo ujaze filamu ndani yake. Ukifanya kinyume, utajikuta unatafuta maana katika mfuatano ambao mwigizaji mwenyewe hakuuchagua.

Kwa nini biashara iligeuka

Tarehe ya kuikariri ni 3 Mei 1948, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu ya kesi ya serikali dhidi ya Paramount na studio nyingine kubwa. Studio zilizokuwa zikimiliki majumba ya sinema zililazimika kuachana nayo. Kabla ya hapo filamu ya bei nafuu ilikuwa na soko hata kabla haijapigwa, kwa kuwa jumba lilikuwa la mwenye studio. Baada ya hapo kila filamu ilibidi ijiuze. Studio kubwa zikapunguza filamu ndogo, zikapunguza waigizaji wa mishahara ya kila wiki, na televisheni ikachukua watazamaji waliobaki nyumbani.

Lakini majumba ya mitaani na sinema za draivu-ini, za kutazamia ndani ya gari kama zile zilizokuwapo Dar es Salaam na Nairobi, bado zilihitaji filamu mbili kwa tiketi moja. Kampuni ndogo ziliingia hapo. American International Pictures, iliyoanzishwa 1954 na James Nicholson na Samuel Arkoff, ilijua vijana wanataka nini. Howco ilikuwa nyingine. Kampuni za aina hii hazikuwa na pesa za staa mkubwa, ila zilihitaji jina ambalo mwenye jumba la sinema analitambua akiliona kwenye bango. Agar alikuwa na jina hilo hasa: amecheza na Wayne, aliwahi kuwa mume wa Shirley Temple, uso wake unafaa afisa au mwanasayansi, na bei yake inalipika. Kwa mtazamo huo, filamu zake za 1957 hadi 1959 ni matokeo ya soko lililokuwa likitafuta watu wa aina yake, na soko hilo lilikuwa na njaa.

Tarehe nne kwa kila filamu

Sehemu hii ndiyo inayoharibu orodha nyingi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Kila filamu ina tarehe zisizopungua nne: siku za upigaji, mwaka wa hakimiliki ulioandikwa kwenye filamu yenyewe, onyesho la kwanza, na siku iliyosambazwa kwa umma. Nyingine zina ya tano, siku ilipoonyeshwa kwenye televisheni.

Chukua Sands of Iwo Jima, filamu ya vita ya Wayne na Agar. Ilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 1949, ikaenda kwa umma mwaka 1950. Orodha moja itasema 1949, nyingine 1950, na zote hazijakosea. Kinachokosewa ni kuchanganya: filamu hii kwa mwaka wa kusambazwa, inayofuata kwa mwaka wa onyesho la kwanza, ya tatu kwa mwaka wa hakimiliki. Mfuatano unavurugika na wewe unaanza kueleza mabadiliko ambayo hayakutokea. Chagua kipimo kimoja kwa orodha ya hadhara (onyesho la kwanza kinafaa), lakini katika daftari lako weka safu ya kila tarehe. Kwa maisha ya kazi ya mwigizaji, tarehe yenye uzito ni ya upigaji, maana ndiyo siku aliyokuwa kazini na kulipwa. Katalogi ya American Film Institute huonyesha vipindi vya upigaji kwa filamu nyingi za wakati huo, na inapatikana bure mtandaoni. Magazeti ya biashara ya sinema yaliyochanganuliwa kidijitali na Media History Digital Library yatakusaidia pale katalogi inaponyamaza.

Mwaka wa hakimiliki kwenye filamu huandikwa kwa namba za Kirumi, chini kabisa ya kadi ya jina, na kwa maandishi madogo. MCMLVII ni 1957. Jihadhari na nakala zilizofifia: I moja ikipotea, mwaka umehama.

Kwenye televisheni tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu sehemu za mfululizo hazirushwi kwa mpangilio zilivyopigwa. Kelley ni mfano mzuri. Watazamaji walimwona mara ya kwanza kama Dakta McCoy tarehe 8 Septemba 1966, katika sehemu ya "The Man Trap". Lakini siku yake ya kwanza kazini ilikuwa kwenye "The Corbomite Maneuver", ambayo ilirushwa baadaye, 10 Novemba. Katikati yake, 22 Septemba, ilirushwa sehemu ya majaribio iliyopigwa mwaka 1965, na humo Kelley hayumo kabisa: daktari ni Paul Fix. Ukitazama kwa tarehe za kurushwa utadhani Kelley aliingia, akaondolewa, akarudishwa. Kuna waandishi waliowahi kuliandika hilo kwa kujiamini kabisa.

Jina kwenye bango

Baada ya tarehe, tengeneza safu ya nafasi ya jina. Hesabu majina kadiri yanavyotokea kwenye kadi za mwanzo, uandike Agar ni wa ngapi. Matokeo yanashangaza wengi. Kwenye Sands of Iwo Jima ni wa pili, nyuma ya Wayne. (Hii, kwa waliokua na msemo kwamba steringi hafi, ni filamu ya kuwatikisa: sajenti wa Wayne anapigwa risasi mwishoni, na Agar ndiye anayebaki hai.) Kwenye Tarantula ni wa kwanza. The Brain from Planet Arous (ile ya ubongo unaoelea), wa kwanza. Attack of the Puppet People ya 1958, wa kwanza, ingawa anayeibeba filamu ni John Hoyt, mtengeneza vikaragosi anayewapunguza watu kimo.

Yaani kadiri bajeti ilivyopungua, jina la Agar lilipanda. Mchoro wa namna hii unasema jambo ambalo orodha peke yake hailisemi: hakushushwa cheo ila alihamia kwenye chumba kidogo alichopewa kiti cha mbele. Kisha mchoro unageuka tena. Kuanzia 1969, katika The Undefeated, Chisum na Big Jake, ambazo zote ni za Wayne, yuko chini sana kwenye orodha, kwa filamu zenye pesa nyingi. Ni uamuzi wako kuandika kwamba rafiki wa zamani alimkumbuka au kwamba soko la filamu ndogo lilikuwa limekauka. Lakini usiandike lolote kati ya hayo bila ushahidi wa tatu.

Pamoja na nafasi ya jina, pima dakika za kuonekana. Tumia saa ya kusimamisha kwenye simu: washa anapoingia kwenye fremu au sauti yake inaposikika, zima anapotoka. Tazama filamu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza utajisahau ukifuatilia kisa. Tofauti ya dakika moja au mbili kati ya mara hizo ni ya kawaida; ikizidi hapo, rudia.

Waliomo lakini hawatajwi

Katika Revenge of the Creature yuko fundi wa maabara mwenye panya mfukoni. Katika Tarantula, kiongozi wa marubani wa ndege za kivita mwishoni, uso umefunikwa nusu na kinyago cha hewa. Katika Star in the Dust, mchunga ng'ombe anayepita na maneno machache. Wote watatu ni Clint Eastwood, na hatajwi kwenye kadi hata mara moja. Alikuwa kijana wa mkataba wa Universal kama wengine, akitumwa popote panapohitaji mtu wa kusema sentensi mbili.

Somo la vitendo ni hili: alama ya "hakutajwa" iwe na safu yake, na isiingizwe bila mojawapo ya vitu viwili: karatasi za studio au picha iliyosimamishwa ambayo uso unaonekana bila shaka. Mitandao imejaa "hakutajwa" zilizoingizwa na mtu aliyeona sikio linalofanana. Na ukimkuta mtu maarufu wa baadaye ndani ya filamu ya mwigizaji wako, usimwache ateke makala. Wasifu wa Agar si mlango wa kuingilia kwa Eastwood.

Majina ya watu nayo yana mitego. Nathan Juran aliongoza The Brain from Planet Arous akijiita Nathan Hertz. Kelley utamkuta ameandikwa De Forest, mara Kelly bila e ya pili. Tafuta kwa kila tahajia. Na kwenye Waco yumo mwigizaji anayeitwa John Smith, nyota wa mfululizo wa kauboi wa Laramie, ambaye jina lake halisi ni Robert Errol Van Orden. Kumtafuta John Smith kwenye hifadhi ya magazeti bila kuongeza neno la pili ni kujitesa.

Filamu moja, majina mawili

RKO walitoa filamu ya kupinga ukomunisti kwa jina la I Married a Communist, Agar akicheza kijana anayenaswa na chama. Haikufanya vizuri kwa jina hilo, ikarudishwa sokoni mwaka 1950 kama The Woman on Pier 13. Ni filamu moja. Attack of the Puppet People ilionyeshwa Uingereza kama Six Inches Tall. Ni filamu moja. Orodha inayozihesabu mara mbili inampa Agar kazi ambazo hakuzifanya.

Kinyume chake pia kipo. Zontar, the Thing from Venus, ambayo Larry Buchanan aliipiga Dallas kwa ajili ya televisheni katikati ya miaka ya 1960, inarudia kisa cha filamu ya zamani ya American International. Ukisoma muhtasari tu utadhani ni jina lingine la ile ya kwanza. Ni filamu tofauti, yenye waigizaji tofauti, na ina rangi.

Halafu kuna picha za kuazima. Journey to the Seventh Planet ilipigwa Denmark, Agar akiwa Mmarekani kati ya Wadenmark, na ikatoka 1962. Msambazaji Marekani hakuridhika na baadhi ya mazimwi, akachomeka buibui kutoka Earth vs. the Spider ya 1958 na kumpaka rangi. Kwa hiyo usiseme kwamba Agar alicheza na buibui huyo kwenye studio ya Copenhagen. Dalili za picha zilizochomekwa ni chembe za picha kubadilika ghafla, mwanga kutoka upande mwingine, na mwigizaji kutoonekana kamwe ndani ya fremu moja na kinachomtisha.

Kauboi na sayari ya mbali, mwamba uleule

Wanaoanza huona kuhama kutoka farasi kwenda roketi kama kuvuka bahari. Kwa aliyekuwa kazini, mara nyingi ilikuwa ni kurudi mahali palepale kwa nguo nyingine. Bronson Canyon, ndani ya Griffith Park mjini Los Angeles, ni machimbo ya zamani ya mawe yaliyofunguliwa 1903. Kilichobaki ni njia fupi zilizotobolewa kwenye mwamba. Ukizipiga kwa pembe sahihi zinaonekana pango refu. Ukikosea pembe unaona mwanga upande wa pili. Majambazi wa kauboi wamejificha humo mara zisizohesabika, na ubongo wa Arous ulitua humohumo. Ni karibu na studio, kwa hiyo hakuna gharama ya hoteli wala chakula cha usiku. Vasquez Rocks, kaskazini mwa jiji, ni hivyohivyo: miamba iliyolala kimshazari, yenye historia ndefu ya farasi, ambayo Star Trek iliigeuza sayari ya kigeni katika sehemu ya "Arena", Januari 1967.

Monument Valley ni kitu kingine. Huko ndiko Ford alikompeleka Agar kwa Fort Apache na She Wore a Yellow Ribbon. Ni mbali na Los Angeles, msafara mzima unalala kambini, na gharama inaonekana kwenye kila fremu. Kwa hiyo ukitambua mahali, umeshajua kitu kuhusu bajeti. Ongeza safu ya mahali.

Hata stadi za uigizaji zilifanana. Afisa kijana wa wapandafarasi na mwanasayansi kijana wana kazi moja: kusikiliza mkubwa, kuamini haraka, kueleza hatari kwa sentensi fupi ambazo mtazamaji wa draivu-ini atazisikia juu ya kelele. Agar aliifanya kazi hiyo kwa uso mkavu, bila kuionea filamu aibu. Wanaomwita mbao, yaani mwigizaji mkavu asiye na hisia, wamesahau kwamba mwigizaji akikonyeza jicho mbele ya zimwi la mpira, filamu nzima inakufa. Mahali alipopewa zaidi ya hapo, kama The Brain from Planet Arous anapotawaliwa na ubongo mwovu na kuvaa lenzi za kung'aa machoni, anacheka na kutisha kwa nguvu ambayo Universal hawakuwahi kumwomba.

Waco kama kituo cha kulinganisha

A.C. Lyles alikuwa mtayarishaji wa Paramount aliyetengeneza filamu nafuu za kauboi katika miaka ya 1960 kwa kutumia waigizaji wakongwe. Agar alikuwa mtu wake: Law of the Lawless na Stage to Thunder Rock (1964), Young Fury (1965), Johnny Reno na Waco (1966). Kelley naye alipita humo: Town Tamer, Black Spurs na Apache Uprising za 1965, kisha Waco.

Weka wasifu wa wote wawili sambamba katika mwaka huo. Agar ana umri wa miaka 45, Kelley 46. Wote walianza na mkataba mara baada ya vita. Kelley na Paramount, akapewa nafasi kuu kwenye Fear in the Night (1947), kisha mkataba ukaisha na ikambidi aende New York kutafuta kazi ya jukwaa na televisheni. Kwa orodha za 1966 peke yake huwezi kubashiri nani atakumbukwa. Tofauti iko kwenye televisheni. Kelley alikuwa amefanya kazi kwa Gene Roddenberry, mbunifu wa Star Trek, tangu sehemu ya majaribio ya mwaka 1960, ambayo haikununuliwa, na Roddenberry hakumsahau. Nafasi ya daktari wa Star Trek ilikwenda kwanza kwa John Hoyt (yuleyule wa vikaragosi), kisha Paul Fix, ndipo Kelley. Jina lake liliingia kwenye kadi za ufunguzi msimu wa pili.

Ndiyo maana safu ya televisheni si nyongeza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mitandao ya televisheni ya Marekani ilikuwa na zaidi ya mifululizo 20 ya kauboi ya jioni, na mwigizaji wa daraja la kati aliishi kwa hiyo: siku chache za kazi kwa sehemu ya nusu saa, takriban juma moja kwa sehemu ya saa nzima. Orodhesha kila sehemu kwa jina na tarehe, kwa sababu "alionekana Bonanza" haisemi kitu. Ukiwa makini utakuta vitu vya kufurahisha. Kelley alicheza mapigano ya O.K. Corral, yale maarufu ya bunduki kati ya ndugu wa Earp na kundi la Clanton na McLaury, mara tatu: mwaka 1955 kwenye televisheni akiwa Ike Clanton, 1957 kwenye sinema akiwa Morgan Earp wa upande wa pili, na 1968 ndani ya Star Trek, ambako McCoy analazimishwa kuwa Tom McLaury. Mtu aliyeandika "mfululizo mbalimbali" ameipoteza hiyo yote.

Pesa zilizokuja na ambazo hazikuja

Swali linaloulizwa sana: kama Tarantula inaonyeshwa kwenye televisheni miaka nenda rudi, je, Agar alitajirika? Hapana, na sababu ina tarehe. Chama cha waigizaji, Screen Actors Guild, kiligoma Machi hadi Aprili 1960 chini ya Ronald Reagan. Makubaliano yalileta malipo ya marudio kwa filamu za sinema zilizoanza kupigwa baada ya 31 Januari 1960. Kwa za nyuma, studio zilitoa fungu la dola milioni 2.25 kuanzisha pensheni na bima ya afya. Mwigizaji mmoja mmoja hakulipwa kwa kila onyesho. Filamu zote za Agar zinazopendwa zaidi leo ziko upande mbaya wa mstari huo. Kwa baadhi ya kampuni ndogo chama kilikuwa na mapatano ya pekee, kwa hiyo angalia kila filamu, usiandike kwa jumla. Agar aliuza bima miaka ya baadaye. Usiliandike hilo kama aibu. Lina maelezo ya kihesabu.

Usichanganye malipo ya mwigizaji na hakimiliki. Filamu za Marekani zilizotolewa kabla ya 1964 zilihitaji kusajiliwa upya katika mwaka wa 28, na baadhi hazikusajiliwa. Lakini kuwepo kwa filamu bure mtandaoni si ushahidi wa lolote. Hakiki kwenye katalogi ya hakimiliki ya Marekani kabla ya kupandisha picha, na bango lina hakimiliki yake.

Ndoa, pombe na mengineyo

Ndoa na Temple ilidumu mpaka shauri la talaka la 1949. Walipata binti mmoja. Mwaka 1951 Agar akamwoa Loretta Combs, na hiyo ikadumu hadi bibi huyo alipofariki mwaka 2000. Waandishi wengi hutoa kurasa kwa miaka minne ya kwanza na mstari mmoja kwa karibu nusu karne iliyofuata. Matatizo yake ya pombe na kukamatwa akiendesha gari amelewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 yako kwenye magazeti ya wakati ule. Yaandike kwa ufupi, kwa tarehe, mahali yanapogusa kazi, kama vile pengo kati ya filamu. Kisa cha Ford kumkebehi kwa kumwita Bwana Temple kinasimuliwa sana. Kitaje kama simulizi, ukionyesha nani alikisimulia na lini, la sivyo kiache.

Agar alifariki Burbank, California, 7 Aprili 2002. Kati ya Big Jake na siku hiyo zipo kazi ndogondogo: afisa wa jiji kwenye King Kong ya 1976, kisha Miracle Mile (1988), Nightbreed (1990) na Body Bags (1993), walipoingia waongozaji waliokua wakimtazama. Zote zijaziwe safu zilezile kama Fort Apache: tarehe za upigaji, nafasi ya jina, dakika, mahali, mlipaji. Kwa hizi za mwisho safu ya dakika itakuwa na namba ndogo sana, na itakubidi kuipima mara tatu badala ya mbili, kwa kuwa ukikosea sekunde 20 umeshakosea sehemu kubwa ya nafasi yote.